Njia ya Kushuka Kooni

Jumatatu, 2 Juni

Kipupwe kimeingia leo asubuhi bila hodi. Kazini nimevaa sweta chini ya koti jeupe, na wagonjwa wote waliolala kwenye meza ya eksirei wameniambia neno lile lile: baridi. Meza ni ya chuma. Sina la kuwafanyia.

Baada ya chakula mume wangu alifuta meza mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, akatandaza ramani iliyojaa makunyanzi.

"Mama watoto," akasema, "kipupwe hiki twende tukaone makorongo."

Ni yale makorongo ya jangwani, mbele ya mbuga kavu. Kila mtu hapa ameyasikia, waliokwenda ni wachache. Miamba myekundu, mabonde yaliyochimbwa na maji ambayo siku hizi hayapo, na njia ya gari inayopita chini kabisa, mchangani. Mume wangu ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Wakati wa kipupwe hana kazi, kwa kuwa hakuna anayelikumbuka friji lake mpaka joto lirudi. Nilisema sawa. Kukataa kungehitaji maelezo.

Naandika hapa nisilomwambia. Mwezi uliopita nilipata kazi katika hospitali ya mji mwingine, mkuu wa chumba cha eksirei, mashine mpya, nyumba ya kukaa. Naanza tarehe moja Septemba. Nimeikubali, na nitakwenda peke yangu. Hatujagombana. Watoto wamekua wakaondoka, tukabaki wawili kama abiria waliobanana kiti kimoja kwa kuwa basi lilijaa. Sasa basi limebaki tupu na bado tumebanana pale pale, kila mmoja akitazama dirisha lake. Nitamwambia tukirudi kutoka huko makorongoni.

Alhamisi, 5 Juni

Upepo. Ramani tena mezani. Tumekula tumepakata sahani.

Jumanne, 10 Juni

Amekuja shemeji, mdogo wake mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti. Tunamwita Dira, kwa sababu tangu ujana wake anasema hajawahi kupotea. Alipoona ramani alivuta kiti, akaisogeza pembeni kwa kiwiko.

"Ya nini karatasi hii? Njia ile mimi naipita nimefumba macho."

"Ulipita lini?" mume wangu akauliza, kalamu mkononi.

"Lini, lini! Kaka, njia haiulizwi tarehe. Siku ya kwanza lami mpaka kituo cha mwisho cha petroli. Siku ya pili unashuka. Unakuta mchanga, mchanga, halafu unafika Kooni."

"Kooni ndiko wapi?" nikauliza mimi, kwa adabu tu.

"Ndipo bonde linapobana, shemeji. Ukuta huku, ukuta huku, gari linapita kwa kukunja vioo. Juu unaona mbingu nyembamba kama mkanda. Pale hupigi honi, mwangwi wake utakutoa roho."

Mume wangu aliandika: Kooni, vioo, honi. Amekubali Dira aje na gari lake, magari mawili ni usalama. Dira akasema bila yeye tusingefika popote, akala wali wote uliobaki, akaondoka.

Jumatatu, 16 Juni

Dada wa mapokezi, yule tunayemwita Redio, amejua. "Nasikia mnakwenda kustarehe na mzee! Mapenzi ya uzeeni hayo, mama." Nikamwambia aniletee mgonjwa anayefuata. Mgonjwa alikuwa na ufa mdogo kwenye mfupa wa mguu, na alikuwa ametembea nao wiki nzima akidhani ni uchovu.

Jumamosi, 21 Juni

Mume wangu amesimamisha hema uani kulijaribu. Akaingia ndani yake mchana kweupe, miguu ikabaki nje, akalala. Jirani alichungulia juu ya ukuta.

"Baba, umefukuzwa?"

"Najaribu vifaa," sauti ikatoka hemani.

"Kama umefukuzwa sema tu, kwangu kuna chumba."

Nilikuwa naanika nguo. Nilijikuta nacheka, nikajificha nyuma ya shuka. Sijui nilijificha kwa nini. Uani kwangu, mume wangu, shuka langu.

Jumapili, 29 Juni

Asubuhi baridi, mchana vumbi. Amebadilisha springi za pikapu.

Alhamisi, 3 Julai

Binti yetu amepiga simu. Kwanza afya, kisha kazi yake, kisha akasema, "Mama, mwambie Baba aniachie nipumue. Ananipigia kila siku ya Mungu."

"Anataka nini?"

"Anakuulizia wewe. Mama anapenda kula nini njiani. Mama akipanda gari anakaa dirisha gani, jua linamsumbua upande gani. Mama anaogopa mahali pa juu?"

"Hayo yote hayajui?"

"Nimemuuliza hivyo hivyo. Anasema anajua, ila hataki kukosea."

Nilipokata simu nilikwenda mlangoni nikamtazama. Alikuwa chini ya gari, yanaonekana magoti tu. Nimeishi na mtu huyu miaka mingi na ningeweza kuchora uti wake wa mgongo kwa kumbukumbu, lakini hili la kumuuliza mtoto, sikulijua. Nimeliandika. Halibadilishi kitu.

Jumanne, 8 Julai

Leo tumebishana, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini.

Nilidhani tunashuka korongoni, tunageuza, tunarudi kwa njia ile ile. Jioni amenionyesha kalamu nyekundu ikishuka, ikipita Kooni, ikitokea upande wa pili, ikipanda, ikafika mji. Mji wenyewe ndio ule ule. Mji wa kazi yangu.

Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya vyombo. Niliiacha humo humo.

"Safari yote hiyo ya nini? Tuingie kidogo, tugeuze."

"Ukigeuza unaona upande mmoja tu wa miamba."

"Kurudi utaona upande wa pili."

"Siyo sawa. Jua linakuwa limehama." Hakuinua macho. "Huku ndiko kuzuri, mama watoto. Nimeulizia."

"Petroli je?"

"Nimepiga hesabu."

"Na ule mji tukifika tunafanya nini? Hatuna ndugu pale."

"Tunapumzika."

Nikasema mimi sitaki, mgongo wangu hauwezi njia ndefu. Akasema atanitengenezea kiti. Nikasema likizo yangu haitoshi. Akasema inatosha, ametazama. Nikanyanyua sauti, na kila nilipoinyanyua yeye aliishusha yake, mpaka nikawa kama mtu anayegombana na redio iliyozimwa. Mwishoni nilitupa kitambaa nikaenda kulala.

Miji ni mingi. Barabara ya kutoka makorongoni lazima itokee mahali. Nimejiambia hivyo. Nalala.

Jumanne, 15 Julai

Kimya nyumbani. Ametengeneza kiti.

Jumatano, 23 Julai

Dira ameletwa hospitali ameshikilia kiwiko. Geti lilimwangukia. Nilimlaza, nikampiga picha, mfupa mzima. Nilipomwambia hajavunjika hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Shemeji," akasema, "ungeniandikia kwamba nimevunjika."

"Nikuandikie uongo? Kwa nini?"

Akatazama mlango. "Ile safari. Mimi kule sijashuka kamwe. Nilifika kituo cha mwisho cha petroli. Nikatazama chini, nikaagiza chai. Nikanywa chai siku mbili, nikarudi."

"Na Kooni?"

"Dereva mmoja wa lori alinisimulia."

Nilitaka kumkasirikia, ikashindikana. Alikuwa amekaa pembeni ya meza yangu ya chuma, mtu mzima, miguu haigusi chini, anaona haya. Nikamwambia amwambie kaka yake mwenyewe.

"Nimeshamwambia. Bado anataka niende."

"Akasemaje?"

"Akasema anajua, alijua siku ile ile, ila alitaka mtu wa kwenda naye mpaka pale. Nikamuuliza, kaka, basi kurudi mtarudije, gari moja, njia ngumu vile? Akaniambia, 'Kurudi ni shughuli yangu.'" Dira akakuna kichwa. "Hakusema yetu, shemeji. Amesema yangu. Nikadhani nimesikia vibaya."

Nilimfunga bendeji ambayo hakuihitaji. Mgonjwa aliyefuata nilimpiga picha mkono usiouma, ikabidi nirudie.

Jumapili, 3 Agosti

Baridi imepungua. Asubuhi madirisha hayana ukungu. Sijamuuliza kitu, naye hajasema kitu. Tunakula, tunaoga, tunasema "umeamkaje".

Jumanne, 12 Agosti

Joto la kwanza. Wateja wawili wamepiga simu kuhusu mafriji yao. Amewaambia mwezi ujao.

Jumanne, 19 Agosti

Imekuwa leo.

Nimetoka kazini mapema. Pikapu ilikuwa imeshapakiwa, turubai limefungwa nusu. Nilitaka kuweka mfuko wa viatu. Nilipoinua turubai sikuona vifaa vya safari. Niliona blanketi langu la sufi. Meza yangu ndogo ya kitandani. Sufuria zangu mbili, zile nzuri. Sanduku la vitabu vyangu. Na nyuma kabisa, limezungushiwa magodoro, friji dogo jeupe, limepakwa rangi upya.

Alitoka karakana akifuta mikono, akaniona nimeshika turubai.

"Friji la nini jangwani?" nikauliza. Ndilo swali nililoweza.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango. "Kule kuna joto kuliko hapa. Katika nyumba za hospitali umeme upo, lakini friji unakuja na lako. Nimeulizia."

Jirani alikuwa anamwagilia bustani upande wa pili, maji yanasikika. Nilikaa kwenye mlango wa nyuma wa gari.

"Umejua lini?"

"Mwezi wa tano. Karani wao alipiga simu hapa nyumbani, wewe uko zamu. Anagawa nyumba. Akaniuliza, 'Mnakuja wangapi?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitauliza."

Hakuuliza. Alisubiri kipupwe chote nimwambie, na mimi nilisubiri kipupwe chote kiishe. Nilimwuliza mbona hakusema. Akasema maneno hayo yalikuwa yangu, si yake kuyasema.

"Na safari yote hii? Ramani, hema, kumsumbua mtoto?"

Akafikiri. Yeye hufikiri kama anavyotafuta gesi inapovuja, polepole, anasikiliza.

"Basi linalokwenda kule linazunguka kwa juu, siku mbili, vumbi tupu," akasema. "Nilitaka ukiondoka uondoke kwa njia nzuri."

Sikulia. Naandika kama ilivyokuwa. Nilishuka nikarudisha turubai, nikamwambia sufuria zimewekwa vibaya, zitagongana. Akaja akazipanga upya. Hakuna aliyesema tusiende.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeaga kazini. Redio amelia kwa sauti, nimempa kikombe changu cha chai. Mchana nimeona mawingu ya kwanza, mbali sana, juu ya milima. Mume wangu pia ameyaona. Amesema bado ni mapema kwa mvua.

Jumamosi, 23 Agosti

Lami siku nzima. Kiti alichonitengenezea ni kizuri. Dira nyuma yetu, anawasha taa kila akiona ngamia. Jioni kituo cha mwisho cha petroli. Dira akasema klachi inamsumbua. Mume wangu akamkumbatia, akamwambia asante kwa kutusindikiza. Dira akanishika mkono akasema, "Shemeji, huko mnakokwenda..." akashindwa, akaenda kuagiza chai.

Jumapili, 24 Agosti

Tumeshuka. Njia inakata ukingoni mwa genge, gari linainama mpaka unakanyaga sakafu kama vile breki ziko upande wako. Mimi naogopa mahali pa juu. Alikuwa amechagua njia ya kushukia ambayo upande wangu ni wa ukuta, si wa shimo. Hakuniambia, nimeliona mwenyewe.

Chini ni nchi nyingine. Miamba ina matabaka kama picha ya mfupa uliovunjika ukaunga mara nyingi. Rangi ya matofali, ya kutu, ya nyama. Kimya kiasi cha kusikia injini inavyopoa. Tumelala hemani mahali palipo wazi. Amesema kesho chai tutakunywa Kooni, saa nne, jua likiingia kwa juu.

Jumatano, 27 Agosti

Naandika nikiwa mjini, kwenye nyumba yangu mpya, sakafuni. Ya juzi yalihitaji meza, lakini meza bado ina mchanga.

Jumatatu asubuhi tulifika mlangoni mwa Kooni. Mbingu juu yetu haina hata alama. Mita chache kabla ya kuta kubanana, pikapu ilizama mchangani, matairi ya nyuma mpaka kwenye ekseli. Mume wangu alishuka ametulia kabisa. Hili lilikuwa kwenye mpango. Akatoa jembe, jeki, vipande vya zulia, akavipanga vizuri mchangani. Akapunguza upepo wa matairi. Mimi nikakaa kwenye usukani, yeye nyuma anachimba.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Kupitia dirishani iliingia hewa ya baridi yenye harufu ya udongo uliolowa. Nilikaa kidogo nikiifurahia. Halafu nikajiuliza inatoka wapi.

"Baba watoto, unasikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Ya mvua."

Alisimama akatazama juu, ule mkanda wa mbingu, buluu tupu. Akatazama ndani ya Kooni. Halafu nikasikia mlio, kama malori mengi yanakuja kwa mbali, na barabara haikuwepo.

"Ingia kwenye gari," nikasema.

"Ngoja nitoe jeki."

"Acha jeki!"

"Vifaa vyote vitabaki—"

"Acha! Sukuma!"

Sijawahi kumpigia kelele namna ile. Akaacha. Akaja mbele, akaweka bega kwenye boneti, mimi nikaweka gia ya kurudi nyuma. Matairi yakazunguka, yakazunguka, yakashika zulia. Gari likaruka kama mbuzi. Aliparamia mlangoni, akaning'inia akitazama nyuma, "Kulia! Kulia tena! Nyoosha! Usiachie mafuta!" Nyuma kidogo tulikuwa tumepita mwamba mpana unaopanda pembeni, kama kibaraza. Nikapanda kinyumenyume. Sikuona kitu isipokuwa uso wake kwenye kioo cha pembeni. Nilipofunga breki, tairi moja la mbele lilikuwa hewani.

Ndipo maji yakatoka Kooni. Hayakuja kama mto. Yalikuja kama ukuta mchafu, mbele yake matawi na povu, yamebeba mawe yanayogongana, na sauti yake niliisikia kifuani zaidi kuliko masikioni. Jembe, jeki, zulia, hema alilokuwa ameliteremsha, ndoo, vyote vilikwenda pamoja, na pale tulipokuwa tumezama pakawa chini ya maji marefu kuliko gari. Yalipanda mpaka karibu na kibaraza, yakasimama hapo.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye mwamba, mikono juu ya magoti. Nikamshika mmoja. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoushika bila sababu ya kumpokea kitu.

"Hii haikuwepo kwenye mpango," akasema.

Nikaanza kucheka, na kicheko hakikukatika mpaka kikageuka kitu kingine. Alinisubiri nimalize.

Tulikaa pale mchana kutwa maji yakipita. Hapakuwa na ramani ya kutazama wala vyombo vya kuosha. Akaniuliza, "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi nini?"

"Nimechoka kuishi na mtu nisiyejua anafikiri nini. Unatengeneza, unapanga, unanyamaza. Nilidhani hakuna mtu humo ndani."

Akatupa kijiwe majini. "Mimi nikipanga ndiyo naongea," akasema. "Sijui namna nyingine."

"Ningejuaje?"

"Usingejua." Kisha, "Na wewe? Ulipopata kazi ulifurahi?"

"Sana."

"Ningependa kukuona siku hiyo."

Hilo ndilo lililonichoma, kuliko yote ya kipupwe hiki. Nilifurahi siku ile chooni, hospitali, mlango umefungwa, ili mtu asinione.

Jana maji yalikuwa yamekwenda, yameacha vidimbwi na matope yaliyoanza kupasuka. Genge la kurudi hatukuweza kulipanda kwa njia iliyolowa. Ikabaki Kooni. Alikata tawi, akavua viatu, akatangulia kwa miguu akichoma ardhi, na mimi nikamfuata na gari, mwendo wa kutembea, vioo vimekunjwa. Kuta zilikuwa zimeoshwa, nyekundu kama zimetoka tanuru. Sikuziangalia sana. Niliangalia mgongo wake, shati limechanika begani, anageuka kila baada ya hatua kadhaa kuhakikisha nipo.

Tulifika mjini jioni. Friji limechubuka upande mmoja tu, linafanya kazi.

Ijumaa, 29 Agosti

Nyumba ina chumba kimoja na baraza. Amefunga swichi, amerekebisha bomba, amepachika pazia. Leo karani wa hospitali alipita, akamwona juu ya kiti na bisibisi mdomoni, akaniuliza kama huyu ndiye mzee. Nikasema ndiye.

Wateja wanampigia simu. Joto limerudi kule nyumbani.

Jumatatu, 1 Septemba

Tuliagana alfajiri, mimi nimevaa koti jeupe jipya, yeye ameshika funguo. Anarudi kwa barabara ya juu, ile ya mabasi. Alisema, "Haya, kazi njema." Nikasema, "Safari njema." Tukapeana mikono kama wageni, tukaona aibu wote wawili, akaingia garini.

Mashine ni nzuri. Picha zinatoka kali, unaona mpaka nyuzi za mfupa. Wafanyakazi ni vijana wawili, wananiita mama mkuu, nimewakataza. Wagonjwa wengi. Saa tisa nilitoka uani kupata hewa, simu ikalia.

"Uko wapi?" nikauliza. Upepo ulikuwa mkali upande wake.

"Juu ya makorongo. Kuna mahali watu wanaegesha gari kutazama. Nimeegesha."

"Gari lina tatizo?"

"Hapana. Natazama." Akanyamaza, na safari hii nilimwacha anyamaze, nikisikiliza upepo. "Unajua, tulipokuwa chini sikuona kitu. Nilikuwa natazama njia tu."

"Unaona nini?"

Akaniambia. Mume wangu, mtu wa maneno mawili kwa siku, alisimama ukingoni akanieleza bonde zima kuanzia kushoto mpaka kulia: wapi mwamba una rangi ya chai, wapi una rangi ya damu, vidimbwi vinavyong'aa, kivuli cha wingu kinavyopanda ukuta kama mtu anayechelewa. Akasema anadhani anakiona kibaraza chetu, ila hana uhakika. Akasema pazuri. Akasema pazuri mno, na kwamba amekaa hapo muda mrefu hana wa kumwambia, ndiyo maana amepiga.

Kijana mmoja alitoka kuniita, mgonjwa yuko mezani. Nikamwonyesha kwa mkono angoje.

"Nina mapumziko wiki ya tatu," nikasema kwenye simu. "Siku nne."

Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa. Kisha, "Nianze kupanga?"

"Usipange," nikamwambia. "Njoo tu."

Nikarudi ndani. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, ameanguka ngazini. Akaniambia meza ni ya baridi. Nikamtandikia shuka.